Doa la Begani

Dada yangu hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa sebule yangu kwa goti, maana mikono yote miwili ilikuwa na mzigo: mmoja begi, mwingine shati jeupe la mumewe, limekunjwa vizuri kana kwamba anampelekea mteja. Begi akalitupa kwenye kochi nililokuwa nimekalia, karibu linigonge. Shati akaliweka mezani, akalikunjua taratibu, akalinyoosha bega la kulia kwa kiganja.

"Tazama," akasema.

Nikatazama. Palikuwa na doa jeusi, refu kidogo, na pembeni yake mengine madogo yaliyofifia.

"Wanja huo. Na usiniambie ni grisi, kaka, maana grisi naijua."

Ni kweli anaijua. Dada yangu ni dobi. Anafulia zahanati, mgahawa mmoja, na nyumba za watu wasiopenda kulowanisha mikono. Doa la chai, la damu, la kutu, la wino, la mchuzi uliolala, yote huyatambua kwa macho, na yanayombishia huyanusa. Kwa hiyo alikuja kwangu hukumu imeshatoka. Kifuani, alinieleza, hupaka mtu yeyote anayekumbatia na kupita. Begani hupaka mwanamke aliyetulia, aliyeegemeza uso wake hapo na hana haraka ya kuondoka. Kwenye kola alikuwa akiyaona madoa ya aina hiyo muda mrefu, akanyamaza, akidhani ni vumbi la dukani. Hili la begani lilimfungua macho.

Halafu akanipa lililobaki. Alikuwa amemuuliza mumewe ana mwanamke gani. Mume akakaa kitandani, akainamisha kichwa, akamwomba msamaha.

Hapo nikashikwa na kikohozi kisichoisha hadi mke wangu akatoka jikoni na maji. Dada yangu akaniangalia kwa huruma, akadhani ni uchungu wa kaka. Haukuwa uchungu. Lile doa lilikuwa langu. Mimi ni kinyozi, na nikimaliza kichwa cha mtu nina tabia ya kumgonga begani, bega la kulia, kumwambia ainuke. Jumamosi iliyopita glavu ilinichanikia vidoleni na sikuona. Pale mezani kwangu nilikuwa natazama kidole gumba changu mwenyewe na wenzake watatu.

Ngoja niwaeleze kuhusu huyo mume.

Anauza suti kwenye duka la mtu. Zamani, kabla ya yote haya, alikuwa na nywele ambazo hata mimi, mtu ninayeshika vichwa vya watu kutwa, nilikubali ni nywele. Nyingi, nyeusi, zimechanwa kwenda nyuma. Hakupita mbele ya kioo bila kusimama, hata kiwe kioo cha gari la mtu asiyemjua. Vijana wa mtaani wakampa jina la Mtanashati, naye akalipokea kama cheo. Dada yangu alikuwa akimkalisha kizingitini jioni na kumchana, anamchana mtu ambaye amekwisha kuchanwa, na mimi nikipita nageuza uso maana shemeji ni shemeji.

Kisha zikaanza kuondoka. Kwanza kwenye paji, pande mbili, halafu utosini. Ni jambo la kawaida. Mimi zangu zilikwenda nikiwa bado kijana. Nikanyoa zilizobaki, nikaendelea na kazi, sikuweka matanga. Wateja wakiniuliza inakuwaje kinyozi hana nywele, nawaambia fundi majeneza naye hajafa.

Yeye hakuweza. Alikuja Jumamosi moja kabla sijafungua, akaingia kwa mlango wa nyuma, akavuta pazia mwenyewe. Akataka nimpake rangi nyeusi ya nywele juu ya ngozi, pale palipokuwa peupe, ili ziungane na fupi zilizobaki na mtu akitazama aone kichwa kimejaa. Nilimwambia anyoe. Akanijibu kwamba kwangu mimi kunyoa kulikuwa rahisi kwa sababu sikuwa na sura ya kuharibu.

Ningemtimua. Lakini alikuwa ameshakalia kiti, machozi yanamlenga, na akaniapisha kwa jina la marehemu mama yetu kwamba dada yangu hatajua. Nikapaka. Na tangu siku hiyo ikawa kila Jumamosi. Unapaka kwa brashi ndogo, unasubiri ishike, unafuta, unapaka tena pale penye mwanga. Ukiwa mbali huwezi kugundua. Ukiwa karibu unaona ngozi imetiwa masizi. Hawezi kunyeshewa, hawezi kujimwagia maji kichwani, hawezi kuguswa. Nyumbani alisema ana ugonjwa wa baridi ya kichwa, akawa analala na kofia ya sufu. Dada yangu akinyoosha mkono, yeye anakwepa. Kazini akaaga kwamba Jumamosi atachelewa, nyumbani akaaga kwamba anawahi kazini.

Mwanamke yeyote angejumlisha jinsi dada yangu alivyojumlisha.

Kwa nini sikusema palepale? Kwanza, nilikuwa nimeapa. Pili, kinyozi akianza kutangaza ya kwenye kiti, wateja wanahama wote. Tatu, nilitaka nimsikie kwanza kwa masikio yangu yule mwehu anayeungama dhambi ambayo hakuifanya. Nikamwacha dada yangu na wifi yake, nikaenda dukani anakouza shemeji.

Duka lao lina sanamu za kuvishia suti, zimepangwa ukutani, zote hazina vichwa. Siku zote nimedhani ndiyo sababu anapapenda. Nilimkuta anabandika pini kwenye suruali ya mteja. Akaniona, akajua, akaniongoza nyuma, kwenye chumba cha kujaribia nguo, akavuta pazia. Huyu mtu maisha yake yote ni mapazia.

"Una mwanamke?"

"Punguza sauti, shemeji."

"Nimekuuliza."

"Sina. Wewe unajua sina. Nimpeleke wapi na kichwa hiki?"

"Sasa kwa nini umemwambia dada yangu unaye?"

"Sikumwambia. Aliuliza, nikaomba msamaha."

Nilimshika kola. Nakiri nilimshika vibaya, ile tai ikapanda hadi sikioni. Hakujitetea. Aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa, akakilinda kichwa, akaniachia shingo. Nikamwachia kwa kinyaa.

Akaanza kunifafanulia, kwa sauti ya chini, ile anayotumia kumshawishi mteja kwamba koti halimbani. Mwanamke huachwa, alisema. Atasema amemwacha, mkewe atalia, kutakuwa na kikao, ataomba radhi mbele ya wazee, yatapita. Nani asiyejua mwanamume aliyewahi kuteleza akasamehewa? Watu hata humheshimu kidogo, kichinichini. "Lakini upara nitasema nimeuacha lini?" akaniuliza. "Atanitazama kila asubuhi. Alinipenda kwa kichwa hiki, shemeji."

"Alikupenda kwa sababu alikuwa hajakaa na wewe."

Hakucheka. Akanikumbusha kiapo. Na nilipomwambia kiapo sijui kama kinahesabika kwa upumbavu wa namna hii, sauti ikabadilika. Akasema nikifungua mdomo, na yeye atafungua wake, atamweleza dada yangu ni mkono wa nani uliokuwa unapaka. Tuone atamchukia nani zaidi.

Niliondoka. Pale kaunta yule mwanamke anayepokea pesa aliniaga vizuri, kama anavyoaga kila mtu. Macho yake amepaka wanja. Nililiona hilo na sikulitilia maanani, na hapo nilikosea, kwa sababu dada yangu aliliona pia.

Alikwenda siku iliyofuata. Alirudi kwangu akiwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu alete lile begi, akajimiminia chai, akatusimulia mimi na mke wangu kama mtu aliyetoka kununua sabuni. Alikuwa ameingia dukani, akaangalia wanawake waliomo, akamkuta mmoja tu, na mmoja huyo ana wanja. Akamtupia lile shati usoni. Yule mwanamke akalishika, akauliza hili ni la nani, dada. Hiyo "dada" ndiyo iliyomkera. Akampiga kofi mbele ya wateja, na akamwita majina ambayo mke wangu alimwomba asiyarudie kwa sababu watoto wetu walikuwa uani.

"Na mumeo alikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Alikuwepo. Amepiga magoti, anapima suruali ya mtu, pini mdomoni. Hakusema hata 'acha'. Aliendelea kupima." Akanywa chai. "Ndipo nikajua ni kweli. Kama si yeye, angemtetea."

Nasema wazi kwamba usiku ule sikumchukia mtu mwingine duniani kama nilivyomchukia shemeji yangu. Yule mwanamke wa kaunta anaishi na mama yake mgonjwa, kila mtu mtaani anajua. Mwenye duka alikwisha kumwambia kwamba duka la suti halihitaji fujo za mabwana wa watu, ahesabu kazi yake ni hadi mwisho wa mwezi. Na aliyeweza kuimaliza habari yote kwa neno moja alikuwa na pini mdomoni.

Dada yangu akasema hataki kurudi. Alikuwa ameshaulizia chumba cha kupanga karibu na zahanati, na alikuwa anapanga nani ataishi na watoto likizo zikifika. Mke wangu akanisihi niitishe kikao kabla hajalipa chumba. Nikaitisha, Jumamosi alasiri, kwangu.

Jumamosi hiyo asubuhi, nani anagonga mlango wa nyuma wa saluni? Mtanashati. Ameshavua kofia, ameshakaa, ameshajifunga kitambaa cha kunyolea, ananihimiza kwa sababu kikao ni leo na anataka aonekane mtu.

Nikamwambia rangi imekwisha. Akanionyesha chupa, ipo kwenye rafu, imejaa hadi shingoni. Nikamwambia imekwisha kwake. Nikamwambia pia atakachofanya alasiri: atasimama, atavua kofia, atasema kweli, halafu atakwenda kumsafisha yule mwanamke kwa mwajiri wake.

"Yule atapata kazi nyingine," akasema. "Kupokea pesa ni kibarua tu, shemeji. Mimi mke mwingine nitampata wapi?"

Nilivuta kile kitambaa shingoni mwake hadi kifungo kikaruka. Nikamwelekeza mlango. Akatoka na kofia yake, ananitukana, na tusi alilochagua, nikicheka peke yangu baadaye, lilikuwa kuniita kipara.

Alikuja kikaoni na nywele. Alikuwa amemtafuta kinyozi mwingine, na huyo kinyozi, Mungu amsamehe, alimchorea mstari wa paji ulionyooka kama umepigwa rula, na chini mno, umekaribia nyusi. Ungedhani amevalishwa sufuria. Hakuna aliyesema kitu. Watu wakija kusuluhisha ndoa hawaangalii nywele.

Upande wake alikuja na shangazi yake, mama mnene mwenye sauti ya upole anayependa mambo yaishe kabla chakula hakijapoa. Upande wetu alikuja mjomba, fundi mwashi mstaafu, mtu wa maneno machache na viganja kama koleo. Mke wangu alikaa karibu na mlango wa jikoni. Dada yangu alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki. Hakutaka kochi.

Mtanashati alilia vizuri. Sina budi kumpa hilo. Alisema shetani alimpitia, alisema amejuta, alisema hatarudia. Shangazi akaongezea kwamba wanaume ni watoto wakubwa, na mwanamke mwenye busara hatupi nyumba kwa sababu ya kosa moja. Mjomba akauliza kama huyo mwanamke ameachwa.

"Nimemwacha, mjomba."

Nikaona mabega ya mjomba yanalegea. Nikaona mambo yanakwenda kama yule mtu alivyonipigia hesabu nyuma ya pazia: machozi, radhi, chakula.  Kisha dada yangu akauliza, na aliuliza bila hasira, kama anavyomuuliza mteja doa limekaa siku ngapi.

"Ni yule wa kaunta?"

Mumewe akanitazama mimi. Nikamtazama. Nilimpa muda wa kutosha, hata mjomba akageuka kuona tunatazamana nini. Kisha akaangalia sakafu.

"Ndiye," akasema.

Nikasimama. Sikupanga hotuba. Nikawaambia huyu ni mwongo, hana mwanamke, hajawahi kuwa naye, yule wa kaunta hajui hata shati lile ni la nani. Nikawaambia doa la begani ni rangi ya nywele na ni kidole changu. Nikawaambia kila Jumamosi asubuhi yuko kwangu nyuma ya pazia napaka utosi, kwa sababu ana upara na anaona haya, na ameona afadhali aitwe mzinzi.

Mnajua alifanya nini? Alitabasamu. Tabasamu la huzuni, la mtu aliyetendewa wema. Akamgeukia mjomba, akasema shemeji ana moyo mzuri, anataka kumsitiri, anajitungia aibu ndogo ili ifunike aibu kubwa. Lakini yeye ameamua kusema kweli leo na hataki kufichiwa.

Na dada yangu akamwamini yeye.

"Kaka, kaa chini," akaniambia. "Usimfichie. Mimi ndiye ninayefua. Wanja naujua."

"Unajua wanja. Kichwa cha mumeo umekishika lini?"

Akafungua mdomo anijibu, akaufunga. Niliona anatafuta. Alirudi nyuma, nyuma zaidi, hakupata siku. Kisha akageuka, akamtazama mumewe kwa namna ambayo pengine hakumtazama mwaka mzima, si machoni bali juu ya macho, pale kwenye ule mstari wa rula. Akainuka kwenda jikoni. Tukasikia bomba linafunguliwa.

Mtanashati naye akainuka, akasema anahitaji hewa. Mjomba akamwekea kiganja begani.

"Kaa," mjomba akasema, na akakaa.

Dada yangu alirudi na taulo lililolowa. Hakumbembeleza. Alimshika kidevu kwa mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia akapitisha taulo toka paji hadi kisogo, kwa nguvu, kama anavyosugua kola ya shati la mpishi. Mara moja, mara ya pili. Mume alifumba macho. Taulo likawa jeusi. Kwenye kichwa pakabaki njia nyeupe katikati, inang'aa kwa maji, na kulia na kushoto kwake masizi.

Akalinusa taulo. Akaenda kwenye begi lake, akatoa lile shati, akalinusa bega. Akanusa taulo tena.

"Ni kitu kimoja," akasema, na akakaa.

Shangazi alianza kucheka. Alijizuia, akakohoa, akajifunika mdomo, lakini tumbo lilimsaliti, lilikuwa linaruka. Mjomba akashusha pumzi ndefu akasema, basi, Mungu mkubwa, kumbe hakuna mwanamke, kumbe ni mambo ya kichwa tu. Akatafuta kofia yake. Kwake kikao kilikuwa kimekwisha. Mke wangu akaanza kuinuka akapakue.

"Kaeni," dada yangu akasema. "Nani amesema kimekwisha?"

Akamgeukia mumewe.

"Nywele zako nilizipenda. Sitakudanganya kama unavyonidanganya, nilizipenda sana. Ungeniambia zinakwisha, ningesikitika. Pengine ningekutazama vibaya mwezi mzima na wewe ungekasirika, tungegombana. Halafu ningezoea, kama ulivyozoea tumbo langu tangu nizae. Au hujazoea?"

"Nimezoea," akasema kwa sauti ndogo.

"Umeona afadhali nilale nikimuwaza mtu asiyekuwepo. Nimemtafuta huyo mwanamke sokoni. Nimemtafuta kwenye foleni ya benki. Nimewachungulia macho majirani zangu mmoja mmoja, nione nani anapaka wanja. Na wewe umelala ubavuni mwangu na kofia yako, unajua hayupo. Nimempiga mtu, na wewe unapima suruali."

"Niliogopa utaniacha."

"Nilikuwa nakuacha," dada yangu akasema. "Nimeulizia chumba."

Hakuna aliyecheka tena, hata shangazi. Mtanashati aliinua mkono aguse kichwa, akaona anatazamwa, akaushusha.

Kisha ikafika zamu yangu. Nilijua itafika. Aliniuliza kama ni kweli nampaka Jumamosi, halafu Jumapili nakuja kula kwake, nakaa meza moja na yeye, nauliza habari za watoto. Nikamwambia niliapishwa kwa jina la mama. Akaniuliza mama angefurahi? Nikamwambia kazi yangu ina siri zake. Akasema na yake pia, anafua mashuka ya watu na hajawahi kumtangaza mtu. "Lakini nilikuja kwako na begi, kaka. Nikakuonyesha shati. Ukakohoa."

 

Akavaa viatu. Akamwambia mumewe asimame, wanakwenda dukani, sasa hivi, kabla hawajafunga. Mume akanyoosha mkono kwenye kofia yake iliyokuwa juu ya meza. Dada yangu aliichukua kabla yake, akaitia kwenye begi, akafunga zipu.

"Kwa miguu," akasema. "Na hivyo hivyo ulivyo."

Nikawafuata. Hakuniita, lakini hakunifukuza pia. Mtaa ulikuwa umejaa, Jumamosi jioni, watu wametoka. Mtanashati alitembea ameinamisha kichwa, na kukiinamisha ndiko kulikokionyesha vizuri. Vijana kwenye kibanda cha simu walinyamaza tulipopita, halafu nyuma yetu mmoja akauliza yule si Mtanashati, mwenzake akasema hapana, Mtanashati ana nywele.

Mwenye duka alikuwepo, na yule mwanamke alikuwa kaunta, anafunga hesabu za siku. Alipomwona dada yangu alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa rafu. Dada yangu akasimama mbali naye, akaweka mikono yake mahali inapoonekana. Akamwambia alimpiga kwa uongo, na kwamba hakuja kujitetea. Halafu akamsukuma mumewe mbele, kama unavyosukuma kiti.

"Sema. Na mwajiri wako asikie."

Akasema. Alisema vibaya, kwa vipande, lakini alisema yote: kwamba hakuna kilichokuwepo, kwamba doa ni rangi ya nywele, kwamba siku ile angeweza kunena na hakunena, na kwamba leo mbele ya wazee alikubali kuwa ndiye. Wateja wawili waliokuwa wanachagua mashati waliacha kuchagua. Mwenye duka alikuwa anatazama ile njia nyeupe kichwani mwa mfanyakazi wake, anajitahidi asionekane anatazama.

Yule mwanamke alitazama waziwazi. Alichukua muda wake.

"Nilipigwa kwa ajili ya hii?" akauliza.

"Ndiyo," dada yangu akamjibu.

"Wewe sikusamehe leo. Labda siku nyingine." Akamgeukia Mtanashati. "Wewe usinisemeshe tena. Ukileta risiti, iweke hapo, uondoke."

Mwenye duka akasema yale ya mwisho wa mwezi ayasahau, kazi ni yake. Yule mwanamke hakumshukuru, na alifanya vizuri. Akarudi kwenye hesabu zake.

Nje, kwenye baraza ya duka, dada yangu alituambia sote wawili kwa pamoja, kama anagawa nguo. Chumba hatalipia. Anarudi nyumbani leo, kwa sababu nyumba ni yake pia na watoto wake wamo humo. Kurudi si kusamehe, mumewe asije akachanganya. Atalala sebuleni, yeye mume, hadi atakapoambiwa vingine, na atalala bila kofia. Na mimi Jumapili nisije. Si kesho tu. Akiwa tayari kuniona ataniita, nisimtume mke wangu kuuliza.

Akaondoka na begi lake, mgongo umenyooka, hakugeuka.

Tukabaki wawili, mimi na yeye, tumesimama kama sanamu za mle ndani, ila sisi tuna vichwa. Maji yalikuwa yamekauka, ila jasho lilitiririsha masizi kidogo hadi kwenye sikio. Alivuta kamasi. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba anataka kunyoa. Zote. Leo. Twende tukafungue saluni, nipitishe wembe, amechoka.

Nikamwambia leo nimefunga.

"Shemeji, siwezi kupita tena mtaani hivi."

"Utapita," nikamwambia. "Ukifika nyumbani dada yangu akuone hivyohivyo. Jumatatu ukija, uje kwa mlango wa mbele, ukae foleni na wenzako."

Akanitukana. Safari hii hakuniita kipara. Kisha akashuka barazani, akashika njia aliyopita mkewe, anatembea upande wa ukuta.